Kijapani kwa Njia ya Kiswahili: Mwongozo Kamili wa Sehemu Zinazowatatiza Wanaojifunza

Aliyewahi kupanda gari lililotumika kutoka Japani, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, huenda amelisikia likizungumza mara tu linapowashwa. Sauti ya mwanamke, tulivu na yenye adabu, husema maneno kama haya: *Kaado ga soonyuu sarete imasen.* Sauti hiyo hutoka kwenye kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, nacho kinamwarifu dereva kwamba kadi haijaingizwa. Dereva wetu hana kadi hiyo wala hayuko kwenye barabara za Japani, lakini taarifa anapewa kila asubuhi.

Sentensi hiyo fupi ina mambo matatu ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza huyaeleza kwa kurasa nyingi: kijineno *ga* (kijineno ni neno fupi linalofuata nomino kuonyesha kazi yake), kauli ya kutendwa, na umbo la *-te iru* katika hali ya ukanushi. Kiswahili kinayabeba karibu yote katika neno moja, "haijaingizwa". Wengi wetu tunajifunza Kijapani kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu ndivyo vitabu vilivyo, na kwa hiyo tunahangaikia matatizo ya Mwingereza huku tukiacha faida tuliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unapitia sehemu ngumu hatua kwa hatua, na kila mahali unaonyesha Kiswahili kinapokusaidia na kinapokupoteza.

Irabu ndefu za Kijapani nimeziandika kwa herufi mbili, kama tunavyoandika "taa" na "choo". Msomaji aliyekwisha kujifunza hiragana, mwandiko wa silabi wa Kijapani, atakumbuka kuwa *o* ndefu mara nyingi huandikwa kwa kuongeza herufi ya *u*.

## Hatua ya kwanza: hesabu mapigo kabla ya kusema

Irabu ni zile zile tano, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, kwa hiyo Mswahili hueleweka tangu siku ya kwanza. Tatizo ni mkazo. Sisi huikaza silabi ya mwisho ila moja ya neno, na tunapoikaza silabi hiyo huwa tunairefusha bila kujijua. Katika Kijapani urefu wa irabu hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi na *obaasan* ni bibi, *biru* ni jengo la ghorofa na *biiru* ni bia. Anayetamka *obasan* kwa mkazo wa Kiswahili humzeesha shangazi wa watu.

Dawa ni kulipatia kila pigo muda sawa na kulipiga kwa kidole mezani: *o-ba-a-sa-n*, mapigo matano. Kiswahili kimekwisha kukuzoesha mambo mawili hapa. "Taa" tunaitamka kwa silabi mbili, na "nchi" ina *n* inayojitegemea, sawasawa na *n* ya *ho-n* (kitabu). Ndiyo maana *ki-ne-n* (ukumbusho) na *ki-n-e-n* (marufuku kuvuta sigara) ni maneno tofauti. Jambo tusilokuwa nalo ni konsonanti inayozuiwa kwa pigo zima: *kite* ni "njoo", *kitte* ni "stempu". Katika *kitte* ulimi unagota nyuma ya meno, unasubiri pigo moja kwa ukimya, kisha unaachia.

Jihadhari pia na maneno yanayofanana na yetu. *Nani* ni "nini", ilhali "nani" kwa Kijapani ni *dare*. Kosa hili hudumu kwa miezi, kwa sababu ulimi hulitoa neno kabla akili haijaamua. *Hai* ni "ndiyo", *hata* ni bendera, *kama* ni mundu, na *tako*, ambalo mhudumu wa mgahawa atalitamka bila haya yoyote, ni pweza. Lipo na la dubu, ambalo sitaliandika hapa.

## Hatua ya pili: geuza sentensi, mzigo uende mwisho

Kitenzi hukaa mwisho, na kila kinachofafanua hutangulia kinachofafanuliwa. "Kitabu nilichonunua jana" huwa *kinoo katta hon*, yaani "jana-nilinunua kitabu", bila rejeshi yoyote ya kulinganisha na "-cho-" yetu. "Mtoto wa Juma" huwa *Juma no kodomo*. Zoezi linalosaidia ni kulichukua fungu la Kiswahili kama hayo na kulisoma kuanzia mwisho.

Jambo zuri zaidi katika hatua hii ni umbo la *-te*, ambalo linafanya kazi ya "-ka-" yetu. "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi" ni *ichiba ni itte, sakana o katte, kaerimashita*. Tofauti ni moja, nayo ni kama taswira katika kioo: sisi huonyesha wakati kwenye kitenzi cha kwanza na vinavyofuata huukopa, Wajapani huuweka kwenye kitenzi cha mwisho, na vyote vilivyotangulia hubaki vikisubiri. Kwa hiyo msikilizaji wa Kijapani hajui kama unaeleza ya jana au ya kesho mpaka umalize. Vivyo hivyo kwa ukanushi. Usimkatize mtu katikati ya sentensi, maana huenda alikuwa anaelekea kukataa.

## Hatua ya tatu: *wa* na *ga*

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na nadhani ni kwa sababu huelezwa kwamba *wa* ni "mada" na *ga* ni "kiima", maelezo ambayo ni sahihi lakini hayamsaidii mtu anapofungua kinywa. Anza na ngano. Hadithi za Kijapani hufunguliwa hivi: *Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita. Ojiisan wa yama e…* Mtambaji wa Kiswahili angesema: "Hapo zamani za kale, alikuwapo mzee na mkewe. Yule mzee akaenda mlimani…" Linganisha. Mhusika anapoingizwa mara ya kwanza, Kiswahili hutanguliza kitenzi, "alikuwapo mzee", na Kijapani huweka *ga*. Akishajulikana, sisi humwita "yule mzee", nao huweka *wa*. Basi likitokea kwenye kona, *Basu ga kita!*, kwa sababu ni habari mpya: "Limekuja basi!" Ukizungumzia basi mlilokuwa mkilingoja, *Basu wa mada desu*: "Basi, bado."

Kipimo cha pili ni "ndi-". Kila unapoweza kusema "Juma ndiye aliyekuja", Kijapani hutaka *ga*: *Juma ga kimashita.* Kwa sababu hiyo hiyo neno la kuuliza likiwa kiima halikubali *wa* katika matumizi ya kawaida. *Dare ga kimashita ka* ni "ni nani aliyekuja?", na jibu lake hurudi na *ga* ile ile. Kipimo cha tatu ni ulinganishaji: *Niku wa tabemasu ga, sakana wa tabemasen*, "nyama nakula, lakini samaki sili." Kila *wa* inayoingia mahali pasipotarajiwa huacha harufu ya kulinganisha. Ukimwambia mwenyeji *Kyoo wa kirei desu ne*, "leo umependeza", jiandae kuulizwa kuhusu jana.

Linabaki kundi la maneno yanayotaka *ga* mahali ambapo ungetegemea mtendwa. *Nihongo ga wakarimasu* hushangaza ukitafsiri "ninaelewa Kijapani", lakini ukisema kwa Kiswahili cha pwani, "Kijapani kinanielea", kila kitu kinakaa mahali pake: Kijapani ndicho kiima. Hali ni hiyo hiyo kwa *suki*, "kupendeza", na *dekiru*, "kuwezekana".

Vionyeshi ni rahisi kuliko vilivyo kwa Mwingereza, kwa kuwa nasi tunavyo vitatu: *kore*, *sore*, *are* ni "hiki", "hicho", "kile". Mtego mmoja tu. *Ano hito*, "yule mtu", hutumika pale ambapo wote wawili mnamjua huyo mtu. Ukisimulia habari za rafiki ambaye mwenzako hamjui, sema *sono hito*, ingawa Kiswahili kitakusukuma kusema "yule".

## Hatua ya nne: "-ni" moja, vijineno vitatu

Kiambishi "-ni" cha mahali kinafanya kazi nyingi mno, na hapa Kiswahili kinakupoteza. "Yuko nyumbani" ni *uchi ni iru*. "Anakula nyumbani" ni *uchi de taberu*. "Ametoka nyumbani" ni *uchi o deta*. "Anatembea bustanini" ni *kooen o aruku*, kwa kuwa bustani ni njia anayoipita. Jiulize hivi: je, sentensi yangu inajibu "yuko wapi" au "ameishia wapi"? Kama ndiyo, tumia *ni*, na hapo wamo kuishi, kukaa kitini na kufika. Je, inajibu "anafanyia wapi"? Tumia *de*. Kwa hiyo mtu huyo huyo *Oosaka ni sunde ite, Kyooto de hataraite iru*: anaishi Osaka na anafanya kazi Kyoto.

Kipimo hiki kina tundu moja. "Mkutano uko wapi?" kwa Kiswahili unatumia "uko", lakini mkutano hufanyika, haukai, kwa hiyo ni *kaigi wa doko de arimasu ka*.

Kuhusu *iru* na *aru*, ngeli zetu zimekwisha kulimaliza. Chenye uhai kinachosema "yuko", hata kiwe kipepeo, huchukua *iru*; kinachosema "iko", "liko" au "uko" huchukua *aru*, miti ikiwamo.

## Hatua ya tano: *-te iru*, "-me-" na "-ja-"

Kitabu cha kawaida kitakuambia kwamba *-te iru* ni "-na-": *tabete iru*, anakula, *yonde iru*, anasoma, *futte iru*, inanyesha. Kisha kitaleta orodha ya mambo ya ajabu: *kekkon shite iru* si "anafunga ndoa", *suwatte iru* si "anaketi", *shinde iru* si "anakufa". Mwingereza hulazimika kuyakariri. Mswahili asikariri chochote, kwa sababu hayo yote ni "-me-": ameoa, amekaa, amekufa. Endelea mwenyewe: *tatte iru*, amesimama, *nete iru*, amelala, *yopparatte iru*, amelewa, *futotte iru*, amenenepa, *akai shatsu o kite iru*, amevaa shati jekundu. Kitenzi kikieleza badiliko, kinachobaki baada ya badiliko ni hali, na lugha zote mbili huitaja hali hiyo kwa namna moja.

Kutokana na hilo unapata jambo ambalo huwanasa hata waliosoma miaka miwili. *Chichi wa Oosaka ni itte imasu* maana yake ni "baba amekwenda Osaka", yaani yuko huko sasa. Ukipigiwa simu ukiwa njiani kwenda shule, ukasema *gakkoo ni itte imasu*, aliyekupigia ataelewa ama kwamba unasoma shule kwa kawaida, ama kwamba umekwisha kufika. Sema *ima, gakkoo ni iku tokoro desu*, ndio kwanza naenda shule, au taja kwamba uko njiani.

Si kila "-me-" ni *-te iru*, hata hivyo. "Nimekula" na "nimenunua gari" ni matukio yaliyokwisha, nayo hutaka *-ta*: *tabeta*, *katta*. Kipimo ni kuuliza kama kitenzi kinaeleza mtu alivyo wakati huu. "Amevaa" ndivyo alivyo. "Amenunua" ni alichofanya.

Ukanushi unapendeza zaidi. Ukiulizwa *Moo tabemashita ka*, "umeshakula?", wanafunzi wengi hujibu *Iie, tabemasendeshita*. Jibu hilo ni "sikula": mlango umefungwa, chakula kimepita. Unachotaka kusema ni "bado sijala", *mada tabete imasen*. Kiswahili kinatenganisha "sikula" na "sijala" waziwazi, kwa hiyo hatuna udhuru. "-ja-" ni *-te imasen*. "-Ku-" ni *-masendeshita*. Lile gari la asubuhi lilitumia ya kwanza: kadi haijaingizwa, na bado unaweza kuiingiza.

La kukariri ni moja: "ninajua" ni *shitte imasu*, lakini "sijui" ni *shirimasen*.

## Hatua ya sita: kutendwa, kutendewa na kupewa

Katika Kijapani mtu hunyeshewa: *ame ni furareta*. Mtu hufiwa na baba: *chichi ni shinareta*. Mtu huibiwa pochi: *saifu o nusumareta*, na pochi hubaki na *o* yake, kama ilivyo katika "nimeibiwa pochi". Vitabu huita jambo hili kauli ya kutendwa ya madhara na kulieleza kwa uzito mkubwa. Sisi tuna "kunyeshewa", "kufiwa" na "kuibiwa" tangu utotoni.

Mtego uko upande wa wema. "Nimepikiwa" kwa Kiswahili ni jambo la kushukuru, na umbo lake halitofautiani na la "nimeibiwa". Ukilitafsiri kwa kauli ya kutendwa, msikilizaji atadhani umekerwa na mapishi. Wema una njia yake, vitenzi vitatu vya kupeana vinavyounganishwa na *-te*, na hapa kauli ya kutendea inakuwa ramani kamili. "Kaka alininunulia kitabu" ni *ani ga hon o katte kureta*. "Nilinunuliwa kitabu na kaka" ni *ani ni hon o katte moratta*. "Nilimnunulia mdogo wangu kitabu" ni *otooto ni hon o katte ageta*. *Kureru* hubeba ile "-ni-" ya "alininunulia": wema unakuja kwangu au kwa watu wangu. Ukiiacha, sentensi hupwaya, kama mtu anayesema "alinunua kitabu kwa mimi".

*Ageru* itumike kwa hadhari. Kumwambia mwalimu *motte agemashoo ka*, "nikubebee?", kunasikika kama masimango kabla hata mzigo haujabebwa. Sema *omochi shimashoo ka*, ambayo ni lugha ya kujishusha.

Jozi za "fungua" na "funguka" zitakuja bila jasho: *akeru* na *aku*, *kesu* na *kieru* (zima, zimika), *otosu* na *ochiru* (angusha, anguka), *kowasu* na *kowareru* (haribu, haribika). Huko nako kuna adabu yake: ukiangusha kikombe cha mwenyeji ukasema *waremashita*, "kimevunjika", unakwepa lawama, *watte shimaimashita*, "nimekivunja, samahani", ndiyo kauli ya mtu mzima.

## Hatua ya saba: kuhesabu na kusoma saa

Hesabu za Kijapani hufuata umbo la kitu, jambo linalokaribiana na ngeli ila linakaa kwenye namba. Vitu virefu huhesabiwa kwa *-hon*, nayo hubadilika sauti: *ippon, nihon, sanbon*. Karatasi ni *-mai*, magari ni *-dai*, vitabu ni *-satsu*, watu ni *hitori, futari, sannin*. Anza na *hitotsu, futatsu, mittsu*, ambazo hukubalika kwa vitu vingi mpaka kumi, na uongeze nyingine taratibu. Namba hufuata kitu kama kwetu: *mikan o mittsu kudasai*, naomba machenza matatu.

Saa ni hatari zaidi, kwa kuwa kosa lake hukukosesha treni. *Shichi-ji* asubuhi ni saa moja, *ku-ji* ni saa tatu. Usijumlishe sita kichwani ukiwa kwenye foleni. Tazama uso wa saa, namba ya Kijapani inatazamana na yetu: 7 na 1, 9 na 3. Tarehe nazo zina watani wawili: *yokka* ni tarehe 4, *yooka* ni tarehe 8, na tofauti yao ni lile pigo la hatua ya kwanza.

## Hatua ya nane: kwenda, kuja na kuitana

*Anata* ipo kwenye kila kitabu kama "wewe", lakini kuitumia kwa mkubwa ni utovu wa adabu. Tumia jina na *-san*, au cheo: *Sensei wa ashita irasshaimasu ka*, "Mwalimu atakuja kesho?", ukimwambia yeye mwenyewe. *-San* haiwekwi kwenye jina lako, wala jina la bosi wako unapomtaja kwa mtu wa kampuni nyingine. Nyumbani kwenu nyote mmoja, na mbele ya mgeni nyote mnajishusha.

Katika kujibu, fuata Kiswahili. "Huendi?" "Ndiyo, siendi" ni *Ikimasen ka. Hai, ikimasen.* Lakini sikiliza sauti ya muulizaji, kwa kuwa *ikimasen ka* mara nyingi ni mwaliko, na *hai, ikimasen* itakuwa umemkatalia aliyetaka kukununulia chakula.

Mwisho ni "nakuja". Mama akikuita kutoka jikoni, Kiswahili hujibu "nakuja!", ilhali Kijapani hujibu *ima ikimasu*, "naenda", kwa sababu safari hupimwa kutoka mahali aliposimama msemaji. Lakini tunayo "nakuja" nyingine, ile ambayo mtu huisema akiwa anaondoka, mkono uko kwenye komeo la mlango, na mgeni asiyezoea hubaki akishangaa anakuja vipi huku anatoka. Hiyo Wajapani wanayo, nao huisema kila asubuhi wakivaa viatu mlangoni: *itte kimasu*, naenda nakuja. Aliyebaki ndani hujibu *itte rasshai*, nenda urudi.